Supu ya Mgeni

Baba yangu aliuza nyama katika soko la Kalamba tangu kabla sijazaliwa hadi magoti yalipomkatalia kusimama, na mtu wa namna hiyo hana njia nyingi za kukwambia anakupenda. Kukumbatia watu hawezi. Neno pole humtoka kwa shida. Anakukatia kipande kizuri, anakifunga kwenye gazeti na kukusukumia mkononi huku akitazama kwingine. Sisi wanawe wawili, mimi na mdogo wangu, tulilelewa hivyo, na mama yetu alipopatwa na saratani ya koo, Baba alimuuguza hivyo hivyo. Nilikuwa nimefunga duka langu la ushonaji kule Makindu nikaja nyumbani kumsaidia, kwa hivyo niliyaona yote. Kila jioni alichemsha supu ya mbuzi kwenye sufuria nyeusi iliyokatika mkono mmoja, akaimimina kwenye bakuli na kuileta mwenyewe. Hakuingia ndani, kwa sababu hakuweza kumtazama Mama alivyokonda. Alinikabidhi bakuli mlangoni, akasubiri kidogo nje ya pazia, kisha akauliza swali lile lile: "Chumvi iko sawa?" Mama akasema iko sawa, na sauti ilipokwisha akagonga ubao wa kitanda kwa kidole. Ndipo Baba akaenda kufungia mbuzi.

Mama alipotutoka, sufuria ilipanda juu ya rafu ikakaa huko. Baba alibaki peke yake na mbuzi wake, redio yake na kanisa lake la Jumapili. Alikula ugali na maziwa, akasema ameshiba.

Mbwa alikuja kwa ajili ya hilo, ingawa mdogo wangu hakusema hivyo. Anaishi Nairobi katika nyumba ya ghorofa, na alikuwa amewanunulia watoto wake kitoto cha mbwa wa kizungu, wale weupe wenye manyoya mengi ambao hata wakikomaa hawapiti kimo cha paka aliyenona. Mwenye nyumba akakataa. Basi nikapigiwa simu.

"Mpeleke kwa Baba," mdogo wangu akasema. "Anahitaji mtu wa kukaa na yeye."

"Mbwa si mtu."

"Utaona."

Alifika Makindu kwenye katoni ya mafuta ya kupikia, amekabidhiwa dereva wa basi kama mzigo wa nguo. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Mimi ni mwepesi wa kukasirika na mdogo wangu ana tabia ya kunitwika mizigo yake. Lakini kile kitu kilitoa kichwa kwenye katoni, kikapiga chafya, kikanilamba kidole cha kuvalia kastabini, na nikajikuta nakitafutia maji kabla sijamaliza kulalamika.

Baba alimtazama kwa muda mrefu nilipomweka chini uani pake.

"Mwaitu," akaniita. Baba huniita hivyo, yaani mama, kwa kuwa nina jina la mama yake. "Mwaitu, hii ni ngiti ama ni kitambaa cha kupanguza meza?"

"Ni mbwa, Baba."

"Atalinda nini?"

"Atakulinda wewe."

"Na yeye atalindwa na nani?"

Hakumpa jina. Alimwita Mgeni, akisema hakuna haja ya kumzoea mtu wa Nairobi, wiki mbili atakuwa ameondoka. Lakini mgeni katika nyumba ya muuza nyama huwa hakai na njaa. Jioni ile ile Baba alitoka kwa jamaa aliyerithi kibanda chake sokoni na kipande cha maini, akakikatakata kidogo kidogo kwa kisu chake cha zamani, akachuchumaa kwa yale magoti yake mabovu na kumlisha mkononi. Nilirudi Makindu nikiwa na furaha ambayo sikutaka mdogo wangu aisikie kwenye sauti yangu.

Miezi ilipita na Mgeni hakukua. Tulijua ni wa jamii ndogo, lakini alikuwa mdogo hata kwa jamii yake. Alikunywa maji mengi kuliko mbuzi waliorudi malishoni. Kuna siku alikuwa akishinda amelala na mate yanamtoka, siku nyingine akaamka kama hakuna kitu kilichomfika na kukimbiza kuku uani. Baba aliona jambo moja tu, kwamba amekonda, na kwa mtu aliyekonda Baba alikuwa na jibu.

Kisha akaja mjomba, kaka yake Mama, kutoka Zombe. Alikuja na beberu mzima, kwa sababu shemeji hatembelewi mikono mitupu, na beberu yule akachinjwa siku ile ile. Mimi nilikuwepo. Watu walikula, wakacheka, wakamtaja Mama kwa mara ya kwanza bila kunyamaza baadaye. Mgeni alipita chini ya kila kiti na kila mtu akamdondoshea chake.

Alasiri, wakati tunakunywa chai, nilimwona akizunguka. Alikuwa akizunguka duara moja kando ya ghala, akizunguka na kuzunguka, kichwa kimeinama upande. Kisha akaenda akaegemeza paji la uso wake kwenye ukuta wa ghala na kusukuma, akasukuma tu, kama anayetaka kupita. Nikamwita. Hakunisikia. Mate yalimtoka, akaanguka kwa ubavu, na miguu yake ikaanza kukimbia hewani.

Jirani yetu, shemasi wa kanisa la Baba na mtu mzuri siku zote, aliinuka na panga ambalo lilikuwa limetumika kwa beberu.

"Mzee, hiyo iko na kichaa. Tuimalize kabla haijauma watoto."

"Amechanjwa," nikasema.

"Amechanjwa Nairobi," akajibu, kana kwamba kichaa cha huku hakiijui chanjo ya huko.

Sikumlaumu sana. Miaka michache nyuma mbwa wa kweli mwenye kichaa alipita mtaani kwetu, na mtoto wa ndugu yake aliumwa, akanusurika kwa sindano nyingi na hofu nyingi zaidi. Baba hakubishana naye. Alisogeza kiti chake cha mbao taratibu, akakiweka kati ya panga na mbwa, akakikalia. Akaendelea kunywa chai yake. Mgeni akaacha kutikisika, akajikojolea, akainua kichwa na kututazama kama watu asiowajua.

"Akiuma mtu, nitamuua mimi mwenyewe," Baba akasema. "Lakini hajauma mtu."

Shemasi akakubali, ila kwa sharti: mbwa afungwe, na hali hiyo ikiendelea asiulizwe tena mtu. Baba akampa mkono. Tangu saa hiyo nilijua kwamba Mgeni anaishi kwa neno la Baba, na kwamba neno la Baba lina mwisho.

Watu walipoondoka, Baba alipanda juu ya kigoda, akaishusha ile sufuria nyeusi kutoka kwenye rafu. Akaifuta vumbi kwa kiwiko. Akachagua mifupa ambayo bado ina nyama, akachochea moto, akamchemshia Mgeni supu. Mimi nilisimama mlangoni nikamtazama anavyopuliza kijiko ipoe, na nitasema wazi, nilifurahi mpaka nikaingia ndani nikalia. Nilidhani nimempata baba yangu tena.

Asubuhi Mgeni alianguka mara nyingine. Baba akaongeza mifupa.

Hapo ndipo kazi ya kutafuta ilipoanza, na nitasema kwamba kila mtu alikuwa na jibu. Shemasi alihama kutoka kichaa akaenda kwenye pepo, akataka wamwombee, na Baba akamwambia amwombee akiwa kwake, Mungu atasikia kutoka pande zote mbili za ua. Muuza dawa za mifugo pale sokoni alisema ni minyoo. Alitupatia dawa, akatuagiza mbwa asile kitu siku hiyo na kesho yake apewe uji mwepesi tu. Tukafanya hivyo. Mgeni akaamka mzima, macho yanang'aa, akaiba ndala yangu. Tulimshukuru muuza dawa. Baba alishukuru kwa njia yake, akampa Mgeni mapaja mawili ya kuku, na kabla ya jua kutua alikuwa tena ameegemeza kichwa ukutani.

"Basi si minyoo," Baba akasema kwa huzuni.

Jibu la pili lilikuwa langu mimi, na nililishikilia kwa kichwa changu kigumu. Baba huwanyunyizia mbuzi wake dawa ya kupe, na huifanya kazi hiyo kwa mkono wazi. Pampu, ndoo, kamba, viatu, kila kitu kinanuka dawa ile. Mbwa mdogo hivyo, anayelamba kila kitu, angekosaje kudhurika? Nikamchukua Mgeni nikaenda naye Makindu.

Kwangu hakuanguka. Alilala kwenye kikapu cha vipande vya kitambaa chini ya cherehani yangu, akasimama kwenye mlango wa duka kutazama malori, na wateja walioingia kupima sketi wakatoka wamesahau kilichowaleta. Akanenepa kidogo. Hata yale mate yakakauka. Nikampigia Baba simu na nikazungumza kwa kujidai, kama hakimu anayesoma hukumu.

"Ni dawa yako ya kupe, Baba. Nilijua tangu mwanzo."

Hakunibishia. Alihamisha boma la mbuzi upande wa pili wa shamba, peke yake, kwa yale magoti. Akaichoma kamba ya zamani, akasugua ua kwa sabuni na majivu, akaizika ndoo. Ndipo akanipigia.

"Mlete nyumbani," akasema. "Kumekuwa kimya sana huku."

Nilimleta. Ua ulikuwa safi kuliko siku ya harusi. Baba alikuwa amechinja kuku kwa ajili ya kurudi kwa mgeni wake, na maini na firigisi na nyama ya kifua alikuwa amezitenga kwenye sahani ndogo ya bati. Mgeni alikula yote, akalamba sahani mpaka ikasogea hadi ukutani.

Safari hii alianguka, akainuka, akaanguka tena. Alipoacha kutikisika alikuwa haoni. Alitembea akigonga miguu ya viti, akagonga mguu wa Baba, akaunusa, akaketi juu ya kiatu chake. Shemasi alisikia kelele akaja. Hakuja na panga. Alikuwa ameshika kamba, na aliongea kwa upole, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

"Mzee, tumevumilia. Hata yeye anateseka."

Baba aliangalia ile kamba. "Nipe nafasi nimpeleke mjini Wote kwa daktari," akasema. "Nikirudi na jibu lile lile, utanisaidia kuchimba shimo."

Daktari wa mifugo tuliyemkuta Wote alikuwa mwanamke kijana, mwenye hijabu ya kijani iliyobanwa vizuri kwa pini. Baba alinivuta mkono akaninong'oneza kwa Kikamba kwamba tumepoteza safari, huyu ni Mwislamu, mbwa hatamshika.

"Mzee," daktari akasema bila kugeuka, anavaa glavu, "baba yangu alikuja Kitui kununua ng'ombe, akakaa. Mimi nimezaliwa Kitui. Kikamba nasikia vizuri. Nitamshika, nikimaliza nitanawa."

Baba alikohoa akakagua dari. Nilitamani kucheka na sikuthubutu.

Alimpima Mgeni kila mahali, taratibu, akimwongelesha. Kisha akaketi na kuanza kuuliza. Amezaliwa lini, amechanjwa nini, amewahi kuanguka kutoka juu, kuna dawa gani nyumbani. Hapo nikachukua nafasi yangu. Nikamweleza habari ya dawa ya kupe kwa kirefu, jinsi alivyokuwa mzima kwangu na jinsi anavyougua kwa Baba, ingawa boma limehamishwa na ndoo imezikwa. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Kwako alikuwa anakula nini?"

Nikapunguza sauti. "Muthokoi."

"Nini?" Baba akasema.

"Muthokoi, Baba. Mahindi na maharagwe, kile nilichopika. Na uji na maziwa kidogo. Mimi mwenyewe nyama nakula Jumapili, sasa nimnunulie mbwa kila siku?"

"Mwaitu!" Baba alisimama. "Umemchukua mgeni wangu ukamlisha muthokoi mtupu kama mfungwa? Mtoto mgonjwa? Ndio sababu alirudi hapa bila nguvu akaanguka!"

"Alirudi na nguvu! Alianguka hapa kwako, amekula kuku wako!"

"Kuku ndiye alikuwa anamponya!"

"Sasa mbona hakupona?"

Tuligombana hivyo mbele ya mtu tusiyemjua, na Mgeni juu ya meza akigeuza kichwa kwa huyu na kwa yule. Daktari alituacha. Alikuwa ameweka kalamu chini. Tulipoishiwa na pumzi alisema, "Rudieni hapo. Polepole. Siku ya minyoo alikula nini?"

"Hakula," Baba akasema. "Kesho yake uji."

"Akawa mzima."

"Mzima kabisa."

"Halafu?"

Baba alimtazama Mgeni. Nilimwona akihesabu kichwani: beberu wa Zombe, supu ya jioni, mapaja, firigisi kwenye sahani ya bati. Mkono wake ulikuwa juu ya mgongo wa Mgeni, na ukasimama.

Daktari hakusema anajua. Alisema kuna ugonjwa anaoufikiria, wa kuzaliwa nao, unaowapata sana mbwa wa jamii ndogo kama huyu, na kwamba hatampa dawa ya kifafa kabla ya kuhakikisha, kwa maana baadhi ya dawa hizo ni maini yanayozishughulikia, na yeye anayashuku maini yenyewe. Akachukua damu Mgeni akiwa na njaa. Akamlisha, tukasubiri nje kwenye benchi bila kusemezana, akachukua tena. Damu ikapelekwa Nairobi. Majibu yalipokuja alitaka tumbo lipigwe picha, na mdogo wangu, ambaye angalau mara hiyo alichukua mzigo wake mwenyewe, akampokea Mgeni Nairobi na kumpeleka. Siku zote hizo Mgeni alikula uji na yai, kwa amri ya daktari, na hakuanguka. Shemasi alikaa na kamba yake.

Tuliporudi Wote kusikiliza, daktari alimweleza Baba kama mtu wa kazi moja anavyomweleza mwenzake.

"Mzee, wewe umepasua maini mengi."

"Maisha yangu yote."

"Basi unaujua ule mshipa mnene unaoingia kwenye maini kutoka matumboni. Chakula kikishasagwa, damu hupita pale kwanza. Maini yanakagua, uchafu unabaki, damu safi inaendelea. Nyama hasa ndiyo inaacha uchafu mkali." Alichora kwa kidole juu ya meza. "Huyu alizaliwa na njia ya panya. Mshipa umekatiza nje ya maini. Damu inafika kichwani haijakaguliwa. Akila nyama nyingi kwa mara moja, ni kama amelewa sumu."

Baba alitazama meza pale kidole kilipopita, ingawa hapakuwa na alama.

"Kwa hivyo ile nyama yangu."

"Hukujua, mzee. Hakuna aliyejua."

"Na supu?"

"Ile yako ilikuwa na nyama pia. Ndiyo, hata supu."

Akaeleza mengine, na mimi nikayashika kwa sababu niliona Baba hayashiki. Kuna upasuaji, kwa wataalamu, na pengine siku moja utawezekana. Kwa sasa kuna dawa ya maji ya kulainisha choo, inayosaidia kuitoa ile sumu, na chakula kidogo kidogo mara nyingi kwa siku: uji, yai, maziwa, mahindi na maharagwe yaliyoiva sana. "Hata muthokoi," akasema, akanitupia jicho. Siku nyingine ningeruka kwa ushindi. Ushindi ule haukuwa na ladha.

Tulikuwa tumeinuka, Mgeni amebebwa kwapani, Baba alipogeuka mlangoni.

"Na mtu?"

"Mtu gani, mzee?"

"Mtu mgonjwa. Akipewa supu kila siku. Na mtu anayempa haoni kwamba inammaliza."

Daktari alinitazama, akaona usoni mwangu alichoona. "Mimi ni daktari wa wanyama," akasema kwa sauti ya chini. "Lakini huyu mbwa amezaliwa na kasoro yake. Mtu mwenye maini mazima, supu haimuui. Haimuui kabisa."

Baba aliitikia kwa kichwa, vile anavyoitikia mhubiri mgeni ambaye hajakubaliana naye.

Mgeni alipona kwa kadiri ya kupona kwake. Aliota manyoya mapya, akajifunza kubweka, akaanza kulinda kitu kimoja tu, yaani kiatu cha Baba. Shemasi alikuja akamtazama akila muthokoi kwenye sahani yake ya bati, akatangaza kanisani kwamba mbwa wa mzee ameokoka, ameacha nyama. Ile kamba alimfungia mbuzi.

Baba ndiye aliyepungua. Nilipokuja mwezi uliofuata nilimletea nyama ya nundu, akaishukuru, akampa shemasi. Alikuwa amerudi kwenye ugali na maziwa. Uani, karibu na banda la kuku, niliona kuku wakinywa maji kwenye sufuria nyeusi iliyokatika mkono mmoja.

Nilipandwa na hasira. Niliimwaga ile sufuria, nikaja nayo hadi alipokaa akimchambua Mgeni vijiti kwenye manyoya, nikaiweka mbele yake.

"Hii inafanya nini kule?"

"Kuku nao wanakunywa."

"Baba."

Alichomoa kijiti kingine. "Alikonda mbele ya macho yangu," akasema. "Kila nikimpikia, anakonda zaidi. Na mimi naongeza mifupa. Kama vile nilivyomfanyia huyu."

Kuna jambo ambalo Mama aliniachia, na sikuwa nimepanga kulitoa. Nililiona kama mali yake. Lakini yeye hakuwepo kuona sufuria yake imekuwa ya kuku, na mimi nilikuwepo.

"Supu haikumdhuru, Baba. Hakuinywa."

Aliinua uso.

"Mwanzoni alikunywa, na ilimsaidia, ni hiyo tu ilikuwa inapita. Koo lilipofunga, hata maji yalikuwa taabu. Akaniambia, maliza wewe. Akasema, baba yako akiona bakuli limerudi na kitu, hatalala. Nilikuwa nikiinywa nyuma ya pazia. Kila siku, mpaka mwisho."

"Wewe."

"Mimi."

Alinitazama kana kwamba ananipima kwenye mizani yake ya zamani. "Ndiyo maana," akasema polepole. "Kwenye matanga shangazi yako alisema, huyu msichana ameuguza mtu au amekuwa hotelini? Nikamgombeza. Nikamwambia umefura kwa kulia."

"Nilikuwa nalia pia, Baba. Nalia nakunywa."

Mgeni alihama kutoka kiatu kimoja akalalia cha pili. Baba aliichukua sufuria, akaigeuza, akakwaruza ukoko wa matope kwa ukucha. Nilidhani nimemvunja moyo, kwamba nimemwondolea lile kosa na pamoja nalo nikamwondolea kitu pekee alichoweza kumpa mkewe. Kisha akauliza, bila kuinua macho, kwa sauti ile ile ya nje ya pazia:

"Na chumvi ilikuwa sawa?"

Sikuwa na nguvu za kudanganya tena.

"Ilikuwa inazidi, Baba. Kila siku."

Mabega yake yalitikisika, na kwa kitambo sikujua ni kicheko au ni kilio. Kilikuwa kicheko. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ukosi wa shati, na Mgeni akasimama akabweka.

"Na yeye anagonga kitanda!" akasema. "Anagonga kitanda, iko sawa, iko sawa!"

"Hakuwa ameionja."

"Hakuwa ameionja," Baba akarudia, na akaisugua sufuria kwa majivu hadi ikang'aa. Jioni alinituma sokoni kwa yule jamaa nilete mifupa ya mbuzi. Alimwekea Mgeni muthokoi wake kwanza, kisha akanimiminia mimi bakuli, akasimama kando yangu kusubiri niionje.